William Banting

William Banting (1796 – 16 Machi 1878) alikuwa mwendesha mazishi wa jijini London, Uingereza, aliyepata umaarufu uzeeni kwa kijitabu kifupi alichokitoa mwaka 1863 kuhusu namna alivyopunguza unene wake kwa kuacha mkate, sukari, viazi, maziwa, siagi na bia. Hakuwa daktari wala mwanasayansi. Hata hivyo anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza aliyeeneza kwa watu wengi lishe yenye wanga kidogo, na jina lake likageuka kuwa neno la kawaida katika lugha kadhaa.

Asichanganywe na Frederick Banting wa Kanada, mmoja wa wagunduzi wa insulini, aliyekuwa jamaa yake wa mbali na aliyezaliwa miaka 13 baada ya kifo chake.

Familia na kazi

Familia ya Banting ilikuwa na duka na karakana katika mtaa wa St James's, karibu na jumba la kifalme. Walikuwa mafundi wa samani na mapambo ya nyumba, na kama ilivyokuwa kawaida ya wakati ule, fundi aliyetengeneza makabati na viti ndiye aliyetengeneza pia majeneza na kusimamia mazishi. Kampuni yao ilipewa kibali cha kuihudumia nyumba ya kifalme, na ndiyo iliyoshughulikia mazishi ya mfalme George III mwaka 1820, ya George IV mwaka 1830, ya Duke wa Wellington mwaka 1852 na ya Prince Albert, mume wa malkia Victoria, mwaka 1861. Baada ya William kufa, jamaa zake waliendelea na kazi hiyo. Wao ndio waliomzika malkia Victoria mwenyewe mwaka 1901. Kibali cha kifalme kilikoma mwaka 1928.

Kazi ya namna hiyo ilidai utaratibu mkubwa, kwa kuwa mazishi ya mfalme hayarudiwi. Banting alijisifu kwamba katika miaka 50 ya biashara alikuwa mtu wa mpangilio, asiyekaa bure na asiye mlafi. Tabia hiyo ya kupima na kuandika kila kitu ndiyo iliyokuja kukipa kijitabu chake nguvu.

Miaka ya unene

Banting alieleza kwamba katika ukoo wake, kwa baba na kwa mama, hapakuwa na watu wanene, na kwa sababu hiyo tangu ujana aliogopa kuwa wa kwanza. Alipoanza kunenepa, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, rafiki yake mmoja aliyekuwa daktari wa upasuaji alimshauri afanye mazoezi ya mwili kabla ya kwenda kazini. Banting alipata mashua nzito na kupiga makasia kwa muda wa saa mbili hivi kila asubuhi. Misuli yake ilipata nguvu, lakini pia alirudi nyumbani na njaa kali, akala zaidi, na uzito ukapanda. Rafiki yake akamwambia aache.

Kwa miaka 30 iliyofuata alijaribu karibu kila kitu ambacho tiba ya wakati ule iliweza kumpa. Aliogelea baharini, alipanda farasi na kutembea kwa miguu. Alikunywa dawa nyingi za kila aina, na maji ya chemchemi za Leamington, Cheltenham na Harrogate, zilizosifiwa kwa uponyaji. Aliwahi kujibana kwa chakula kidogo cha bei ya chini kabisa. Aliingia bafu za mvuke za Kituruki hadi mara 50, na faida yake ikawa ratili 6 tu, yaani chini ya kilo 3. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika miaka 20 alijiweka mikononi mwa matabibu kwa ajili hiyo mara 20 hivi.

Mwezi Agosti 1862, akiwa na umri wa miaka 65 na amekwisha kustaafu, alikuwa na kimo cha futi 5 na inchi 5 (sentimita 165) na uzito wa ratili 202 (kilo 91.6). Hakuweza kuinama kufunga kamba za viatu. Alishuka ngazi kinyumenyume, polepole, ili kupunguza mshtuko kwenye magoti na vifundo vya miguu, na kila alipopanda alihema sana. Alikuwa na ngiri ya kitovu iliyomlazimu kuvaa mkanda, tena alifunga bandeji magotini. Macho yalipungua nguvu, na masikio vilevile.

Lililomuumiza zaidi, ukisoma maelezo yake, ni dhihaka. Katika magari ya abiria na kwenye mikutano watu walimtazama na kumsema kwa sauti ya kusikika, basi akaacha polepole kwenda penye watu wengi. Inafaa kukumbuka kwamba huyu alikuwa mtu tajiri, aliyeheshimika hadi kwenye jumba la malkia.

Daktari wa masikio

Tiba iliyomsaidia haikutafutwa kwa ajili ya unene bali kwa ajili ya uziwi. Banting alikwenda kwanza kwa bingwa mmoja wa masikio, ambaye alilichukulia tatizo kirahisi, akayasafisha masikio kwa ndani, akaweka dawa ya kuchoma ngozi kwa nje, wala hakuuliza habari ya mwili mwingine. Hapakuwa na nafuu. Alipotaka kumwona tena, bingwa huyo alikuwa akijiandaa kuondoka London kwa likizo ya kila mwaka. Hivyo Banting akalazimika kutafuta mtu mwingine, akamwendea William Harvey, daktari wa upasuaji aliyekuwa na ofisi Soho Square. (Si yule William Harvey wa karne ya 17 aliyeeleza mzunguko wa damu, wamefanana majina tu.)

Harvey alimtazama mgonjwa mzima na kuona kwamba huenda mafuta yaliyojaa kooni yalibana njia za masikio. Miaka michache kabla ya hapo alikuwa Paris, ambako alisikia mafundisho ya mwanafiziolojia Mfaransa Claude Bernard. Bernard alikuwa amegundua kwamba ini lenyewe hutengeneza sukari na kuimimina katika damu, jambo lililobadilisha fikra za wataalamu kuhusu ugonjwa wa kisukari. Harvey alifahamu pia kwamba wagonjwa wa kisukari walikuwa wakipewa chakula cha nyama kisicho na sukari wala wanga. Daktari wa jeshi John Rollo alikuwa ameandika kuhusu tiba hiyo tangu mwaka 1797. Wakulima nao walijua kwamba mnyama hunenepeshwa kwa nafaka. Akaunganisha mambo hayo matatu na kuona kwamba chakula kilichomfaa mgonjwa wa kisukari kingeweza kumfaa mtu mnene.

Chakula cha Banting

Kabla ya kukutana na Harvey, Banting alikula mkate na maziwa asubuhi, au chai yenye maziwa na sukari nyingi pamoja na tosti za siagi. Mchana alikula nyama, mkate mwingi na vitobosha, akanywa bia. Jioni ilikuwa chai kama ya asubuhi, na usiku keki ya matunda au tena mkate na maziwa. Kwa macho yake hivyo vilikuwa vyakula vya kawaida visivyo na madhara, na ndivyo vilivyokuwa kwa karibu kila Mwingereza mwenye uwezo.

Harvey alimkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Badala yake akapewa mpango ufuatao. Asubuhi: wakia 4 au 5 (gramu 110 hadi 140) za nyama ya ng'ombe, kondoo, figo au samaki wa kuchoma, pamoja na kikombe kikubwa cha chai isiyo na maziwa wala sukari, na kipande kidogo cha tosti kavu au biskuti. Mchana: wakia 5 au 6 za samaki yeyote isipokuwa samoni, au nyama yoyote isipokuwa ya nguruwe, au kuku na ndege wa mwituni, mboga yoyote isipokuwa viazi, wakia moja ya tosti kavu, na matunda. Alasiri: matunda, tosti ngumu moja au mbili, na chai kavu. Usiku: wakia 3 au 4 za nyama au samaki.

Kilichowashangaza wasomaji wa baadaye ni pombe. Bia, shampeni na divai tamu ya Ureno zilipigwa marufuku, lakini bilauri mbili tatu za divai kavu ziliruhusiwa mchana na moja mbili usiku, na akihitaji, bilauri ya jini, wiski au brandi isiyotiwa sukari kabla ya kulala. Daktari wa leo asingekubali kuandika mpango kama huo.

Yafaa kuangalia pia kwamba nafaka hazikuondolewa kabisa, kwani tosti kavu ilibaki mezani mara tatu kwa siku. Siagi nayo iliondolewa. Kwa hiyo chakula cha Banting kilikuwa na wanga kidogo, lakini hakikuwa chakula cha mafuta mengi, ingawa leo wengi hukidhania hivyo kwa sababu ya lishe zilizokuja kuitwa kwa jina lake.

Mizani

Banting alijipima tarehe 26 Agosti 1862 na kuendelea kila baada ya wiki tatu hivi. Kwa kawaida alipungua ratili 2 hadi 4 kila mara. Kabla ya Krismasi alikuwa na ratili 184, mwishoni mwa Aprili 1863 ratili 170, na baada ya mwaka mmoja kamili ratili 156 (kilo 70.8). Jumla alipoteza ratili 46, karibu kilo 21, na kiuno kikapungua zaidi ya inchi 12, yaani sentimita 31 hivi.

Kwa kipimo cha sasa cha uwiano wa uzito na kimo, alitoka karibu 34, ambacho ni unene uliokithiri, akafika 26, ambacho bado kingehesabiwa kuzidi kidogo. Yeye hakuhitaji kipimo hicho. Alishuka ngazi akitazama mbele kama watu wengine, akainama na kufunga viatu, bandeji za magoti zikawekwa kando, na masikio yakaanza kusikia vizuri. Anasisitiza kwamba hakupata njaa katika muda wote huo.

Waraka wa mwaka 1863

Mwezi Mei 1863, kabla hata hajamaliza kupungua, Banting alichapisha Waraka kuhusu Unene, aliouelekeza kwa watu wote. Alitaka kwanza kuupeleka kwenye jarida la kitabibu, lakini aliona mtu asiye na cheo cha udaktari asingesikilizwa. Hivyo akaugharamia mwenyewe na kugawa nakala 1,000 bure. Toleo la pili pia liligawiwa bure. Ni matoleo yaliyofuata tu yaliyouzwa, na faida akaitoa kwa mashirika ya hisani ili asisemwe kwamba anajitafutia fedha. Kufikia toleo la nne la mwaka 1869 zaidi ya nakala 60,000 zilikuwa zimetoka, na waraka ulikuwa umetafsiriwa kwa Kifaransa na Kijerumani.

Kijitabu hakikuwa na nadharia nyingi. Banting alisimulia alivyokuwa, alichojaribu, alichokula na namba za mizani. Mfano wake mkuu ulitoka kwenye zizi: maharagwe humpa nguvu farasi kijana, lakini humdhuru farasi mzee, na vivyo hivyo vyakula vinavyomfaa kijana vinaweza kumdhuru mtu mzima. Maelezo hayo hayana uzito wa kisayansi, lakini kila mtu aliyewahi kufuga farasi aliyaelewa.

Ubishi na madaktari

Waraka ulipoenea, madaktari wengi waliupinga. Jarida la The Lancet lilikuwa miongoni mwa wakosoaji, na gazeti la vichekesho la Punch lilipata mada ya kufurahisha wasomaji. Hoja za wakosoaji zilikuwa za aina mbili, na hazikupatana vizuri. Wengine walisema hakuna jipya, kwa kuwa mambo hayo yalijulikana tangu zamani. Wengine walisema ni hatari, kwa kuwa nyama nyingi ingeharibu afya, na kwamba hakuna uthibitisho wa kisayansi.

Kwa hoja ya kwanza Banting alikuwa na jibu ambalo halikupata kujibiwa sawasawa. Kama jambo hilo lilijulikana, aliuliza, mbona katika miaka 30 ya kwenda kwa madaktari hakuna hata mmoja aliyemweleza? Ni kweli kwamba halikuwa jipya. Mwandishi Mfaransa Jean Anthelme Brillat-Savarin, katika kitabu chake cha mwaka 1825 kuhusu ladha na ulaji, alikuwa ametaja vyakula vya unga na wanga kuwa sababu kubwa ya unene. Lakini maarifa hayo hayakumfikia mgonjwa wa London.

Hoja ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Mtu mmoja aliyepungua hathibitishi kwamba wote watapungua, wala hathibitishi ni sehemu gani ya mpango iliyofanya kazi. Banting aliacha wanga, lakini pia aliacha bia, siagi na vitobosha, akaanza kupima chakula kwa wakia na kujipima mwenyewe kwa mizani. Huenda alikula kidogo kuliko alivyofikiri. Harvey naye alijua udhaifu huo. Hapo mwanzo Banting hakumtaja kwa jina; alipotajwa, Harvey alijikuta akidaiwa maelezo na wenzake, na mwaka 1872 akatoa kitabu chake mwenyewe kuhusu unene na uhusiano wake na magonjwa. Msingi alioutegemea, kwamba sukari ya ini ndiyo kiini, haukuwa sahihi kwa namna alivyoueleza, ingawa ushauri aliomtolea mgonjwa wake ulimsaidia.

Nchini Ujerumani tiba ilichukuliwa na kubadilishwa. Daktari Wilhelm Ebstein, katika miaka ya 1880, alitetea lishe iliyopunguza wanga lakini ikaruhusu mafuta, akisema mafuta humshibisha mtu mapema. Hapo ndipo njia mbili zilipoanza kuachana.

Kifo

Banting aliishi miaka mingine 15 baada ya waraka wake. Alifariki nyumbani kwake Kensington, London, tarehe 16 Machi 1878, akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Brompton.

Jina lililobaki

Bado akiwa hai, Waingereza walianza kulitumia jina lake kama kitenzi chenye maana ya kujinyima chakula ili kupungua. Katika Kiingereza neno hilo lilikaribia kusahaulika, lakini katika Kiswidi limebaki: hadi leo banta ndilo neno la kawaida la kufuata lishe ya kupunguza uzito, na wengi wanaolitumia hawajui kwamba lilitokana na mwendesha mazishi wa London.

Karne moja baadaye wazo lenyewe lilirudi kwa nguvu nchini Marekani, hasa kupitia kitabu cha daktari Robert Atkins cha mwaka 1972. Barani Afrika jina la Banting lilifufuliwa Afrika Kusini. Mwanasayansi wa michezo Tim Noakes, aliyekuwa amewashauri wakimbiaji wale wanga kwa wingi, alibadili msimamo wake hadharani, na mwaka 2013 alishiriki kuandika kitabu cha mapishi yasiyo na nafaka wala sukari. Kikauzwa sana, na migahawa mingi ya Cape Town ikaanza kutangaza vyakula vya Banting. Mwaka 2014 Noakes alilalamikiwa mbele ya baraza la wataalamu wa afya la nchi hiyo kwa ushauri alioutoa kwenye mtandao wa kijamii kuhusu chakula cha mtoto mchanga; kesi ilichukua miaka kadhaa, na aliondolewa hatia mwaka 2017 na tena katika rufaa mwaka 2018. Lishe iliyobishaniwa huko ilikuwa na mafuta mengi, pamoja na siagi ambayo Banting mwenyewe alikatazwa. Palikuwa pia na swali ambalo yeye, kwa utajiri wake, hakulazimika kujiuliza: familia inayoishi kwa unga wa mahindi itapata wapi fedha za kula nyama au samaki mara tatu kwa siku?

Utafiti wa kisasa umempa Banting haki kwa sehemu. Watu wanaopunguza wanga mara nyingi hupungua haraka katika miezi ya mwanzo, na wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili huona sukari ya damu ikishuka. Lakini tofauti hupungua kadiri muda unavyopita. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililochapishwa mwaka 2018, watu 609 waligawanywa katika makundi mawili, moja likipunguza wanga na lingine mafuta. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana, kilo 5 hadi 6 kwa wastani, na ndani ya kila kundi walikuwepo waliopungua sana na walioongezeka. Mtu anayetumia insulini au dawa nyingine za kushusha sukari anaweza kupata hatari akipunguza wanga ghafla bila daktari kubadili kipimo cha dawa. Katika siku za Banting hatari hiyo haikuwepo, kwa kuwa dawa zenyewe zilikuwa bado: insulini ilipatikana Toronto mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best.